Siku Nyumba Yangu Ilipoteremka Kwenye Pikapu

Wacha niseme mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine, maana najua hapa Lindi ya Kibera hakuna mtu ambaye hajaona ile video, na kama yupo basi simu yake imeharibika: yule mwanamume anayeonekana akiteleza kichwa mbele kutoka kwenye mlango wa kichumba cha bati, suruali imenaswa na kubaki nyuma, akaangukia mapajani mwa shangazi yake mbele ya waumini wa kanisa zima, pasta ameshainua mkono wa kubariki, ni mimi. Omondi. Ninyi chekeni. Mimi bado sijapata mahali pa kuanzia kucheka, na nikiwaeleza mpaka mwisho mtaona ni kwa nini.

Kazi yangu mnaijua. Nina pikapu, nahamisha watu. Mtu akichoka na landlord wa Mashimoni anataka kujaribu landlord wa Kawangware, ananipigia simu, napakia kitanda, sufuria, mtungi wa gesi na kochi, tunaondoka. Pikapu yenyewe ni ya ukubwa wa kati, double cabin, milango minne (kila mwenye akili aliniambia ninunue ya milango miwili kwa sababu nyuma yake ni ndefu na inabeba, lakini mimi nilitaka nikipita watu waseme bosi anapita, kwa hivyo nikanunua viti vingi na mahali padogo pa mzigo, mtu anayekula kwa kubeba mizigo). Huyo ndiye mimi, nimewaambia mapema msije mkanionea huruma bure.

Sasa, nina ndugu anayenifuata, Owino. Owino ni fundi wa mjengo, ameshika mwiko tangu atoke shule, na kuna maghorofa huko Riruta ambayo ukipita naye atakuonyesha hili nilianza kwa msingi, hili nilipiga plasta, hili nilikaribia kuanguka nalo. Amejengea watu wa kila kabila. Lakini kwetu nyumbani, ng'ambo ya Kisumu, Owino hakuwa na hata kibanda cha kuku, na si kwamba alishindwa. Hakuwa na ruhusa. Kwetu mdogo hajengi katika boma la baba kabla mkubwa hajajenga, na mkubwa ni mimi, na mimi kila mwaka jibu langu lilikuwa "bado".

Shida yangu haikuwa uwezo peke yake, ilikuwa mdomo. Nilishawaambia wazee wa nyumbani, mbele ya watu, tena kwenye matanga, kwamba mimi nitajenga nyumba ya mawe, vigae juu, choo ndani, na ukishatamka maneno makubwa namna hiyo huwezi kurudi na nyumba ya udongo ya chumba kimoja. Kwa hivyo sikujenga ya mawe na sikujenga ya udongo, nikienda nyumbani nalala kwa binamu kama mgeni, na Owino akangoja. Mabati aliyoyanunua akiwa hajaoa yalikuwa yamelala nyuma ya jiko la mama yakila kutu, nami kila nikienda nayapita nikijifanya sijayaona.

Mwaka huo wa ile video alikuja kwangu Lindi Jumapili moja, akakaa, akakataa chai (Owino akikataa chai ujue kuna jambo). Alikuwa ameishi na Adhiambo muda mrefu na wana mtoto, na sasa baba yake Adhiambo alikuwa amechoka kungoja, alisema Desemba atakuja na watu wake kuona boma alikoolewa binti yake, na asipoona mlango wa binti yake atarudi naye nyumbani, yeye na mtoto. Nikamwambia nimesikia, nitafikiria.

"Bro, usifikirie," akasema. "Jenga tu kitu. Hata ya matope. Mimi ndio nitaijenga, wewe usimame hapo ushike nguzo ya kwanza, halafu ulale ndani na shem usiku moja. Siombi kingine."

Mnaona mtu alivyoomba kidogo. Angenijengea mwenyewe, kwa mikono yake, na mimi kazi yangu ingekuwa kulala. Nikamwambia Omondi hawezi kujulikana kwa nyumba ya matope, anipe muda kidogo, nina mpango. Sikuwa na mpango wowote. Akainamisha kichwa akasema sawa, akaenda zake, na mke wangu Akinyi akaniangalia kwa yale macho yake akaendelea kupanga nguo.

Mpango ulinikuta Riruta. Kuna mzee mmoja huko, Baba Wambui, ana ploti na nyumba za kupangisha mpaka Kawangware, wapangaji wake wengi ni mimi huwaleta na ni mimi huwaondoa. Siku hiyo nilikuwa nimeleta mtu, nikaona kona ya ploti kitu kimefunikwa kwa turubai la plastiki, kuku wamekalia juu. Nikauliza. Akasema ni cha mzungu mmoja aliyewahi kupanga pale, alikuwa na gari kubwa la kizamani la kuzunguka nalo mbugani, akauza gari akarudi kwao, akaacha hiki. Tukakifunua. Jamani, ilikuwa nyumba. Nyumba ya bati la aluminiamu iliyotengenezwa ikae nyuma ya pikapu, mlango uko nyuma, ndani kuna jiko, sinki, tangi la maji, makabati, viti vya pembeni, na kitanda kiko mbele kabisa, kimetokeza kikae juu ya paa la gari. Na paa lake lilikuwa linainuka. Ukiwa safarini unalishusha unalifunga, ukifika unalisukuma juu na kuta za turubai zinajifungua, madirisha ya wavu, mtu anasimama wima ndani. Kwenye pembe palikuwa na miguu ya chuma ya kuisimamishia chini ukitaka kuiacha mahali. Nilipoiona ile miguu kichwa changu kilipata moto.

Baba Wambui alikuwa anataka ile kona ajenge vyumba. "Si wewe ni mtu wa kuhamisha?" akaniambia. "Basi hamisha hiyo kitu, ikuwe yako."

Mnaelewa nilivyofikiri? Naipakia kwenye pikapu, naipeleka nyumbani, naisimamisha kwa miguu yake ndani ya boma la baba, nalala ndani na Akinyi, asubuhi Owino anaanza kuchimba msingi wake. Mimi nimejenga. Tena si matope, ni aluminiamu, ina sinki. Wazee watazunguka wakigonga kwa kidole. Nilimwambia Akinyi, akasema nyumba ni kitu kinachoshika ardhi, hicho ni kitu kinachopita, nikamwambia yeye hana macho ya maendeleo. Nilimwambia Owino, akauliza, na wazee watakubali? Hapo alikuwa na haki, kwa hivyo nikaenda Kawangware kwa shangazi yetu Risper.

Risper ni dada mkubwa wa marehemu baba yetu, sisi kwa lugha yetu tunamwita Waya. Waya akisema jambo la boma, wazee wa nyumbani wanalipokea kwa simu na kulitimiza. Nilimweleza kila kitu mpaka sinki. Akafikiria sana, akaniuliza ina mlango? Ina. Ina kitanda? Ina.

"Kama itasimama kwa mchanga wa kaka yangu," akasema, "na wewe utalala ndani na bibi yako, mimi sina maneno. Lakini lazima niingie ndani kwanza, niione na macho yangu."

Tukakubaliana Jumapili, baada ya ibada, nipitishe nyumba kanisani kwake pale Kawangware, aingie, pasta aiombee, halafu mimi na Owino na Akinyi tushike barabara siku hiyohiyo. Waya akaalika wamama wa kanisa. Wamama wa kanisa wakaalika waume zao na majirani. Mimi nikamwalika kila niliyetaka anione.

Sasa uamuzi wenyewe ulioniua ulikuwa mdogo, wa dakika. Nilienda kupima. Nilichukua kamba, nikapima upana wa ile nyumba chini, nikaenda nikapima nyuma ya pikapu yangu, ukingo wa huku mpaka ukingo wa huku, juu, nikaona inaingia na nafasi inabaki, nikakunja kamba nikaenda kunywa soda. Nilipima juu. Kule chini, pembeni, kuna yale manundu mawili yanayofunika magurudumu, mnayajua, ndiyo ambayo watu hukalia wakipewa lifti, na mimi nimeyatazama kila siku ya kazi, nimeegemeza magodoro hapo, nimekaa hapo nikila mahindi, na siku ya kupima sikuyaona. Urefu nao sikupima kabisa. Nilisema kitakachozidi kitaninginia, mbona makochi huninginia.

Jumapili asubuhi tukakutana kwa Baba Wambui, mimi, Owino, Akinyi amebeba kikapu cha vyombo, na wanaume wa kubeba niliowachukua stendi ya mikokoteni. Ile miguu ya chuma ilikuwa imeshikwa na kutu haizunguki, kwa hivyo wakainua kwa mabega na magogo, nikarudisha gari nyuma, wakaanza kusukuma. Ikaingia, ikaingia, ikagonga yale manundu ikakwama. Wakarudisha wakajaribu tena kwa pembe nyingine. Ikakwama. Mmoja wao akaniambia, bosi, hii haikuwa ya hii gari. Baba Wambui alikuwa amesimama mlangoni na chai yake, akavuta kiti akakaa vizuri.

Owino akanivuta pembeni akasema tuirudishe chini, tutafute lori la canter wiki ijayo, Waya atatuelewa. Hiyo ilikuwa nafasi yangu. Ningeikubali, leo msingekuwa mnanisikiliza. Lakini nilikuwa nimefikiria kanisa lote limekaa likingoja, nikamwona Baba Wambui na chai yake, nikamwambia Owino kwamba mimi nahamisha nyumba za watu kila siku na sijawahi kuvunja hata kikombe, sasa ya kwangu ndiyo itanishinda? Nikaagiza mbao. Tukazipanga ndani ya bodi ya gari safu juu ya safu mpaka zikapita urefu wa yale manundu, tukang'oa kibao cha nyuma, tukaisukuma ile nyumba juu ya mbao mpaka kifua chake kikagusa gari. Ilikuwa imekaa juu juu, na karibu nusu yake ilikuwa nyuma hewani. Na nyuma huko ndiko kulikokuwa na jiko, na tangi, na makabati, yaani uzito wote.

Nikaifunga kama ninavyofunga kila kitu. Kamba kutoka upande huu, ikapita juu ya paa la ile nyumba, ikashuka upande wa pili, nikakaza kwa mguu, nyingine tena, nyingine tena, halafu mipira ya tairi juu yake. Nilipomaliza niliipiga kofi ikatulia. Nikajisifu kwa sauti. Wale wanaume wakapanda nyuma ya pikipiki kutufuata, hawakuwa wameambiwa wafuate, walitaka kuona.

Niliwasha gari na mara moja usukani ukawa mwepesi, mwepesi mno, kama wa gari la mchezo, nikikata kulia gari linafikiria kwanza. Nikapita tuta moja, mbele kukaruka na kukaa juu kidogo kabla ya kurudi. Akinyi akashika mlango. Owino alikuwa anaangalia mbele tu. Nikasema ni upepo. Tulipoingia Kawangware kwenye zile meza za mitumba, kona ya nyumba ikavuta kamba ya mama mmoja aliyekuwa ametundika petikoti, ikaondoka na petikoti zote, na mimi sikujua, nilisikia tu watu wanapiga mbinja nikadhani wanashangilia, nikapiga honi kuwajibu. Nilifika kanisani nikipungia watu mkono, nyumba imevaa petikoti, na mama wa mitumba anakuja mbio nyuma akinitukana mimi na ukoo wangu.

Hata hapo ingeweza kuishia hapo. Mama akachukua mali yake, watu wakacheka kidogo, pasta akatuliza. Uwanja wa lile kanisa umeinamia kwenye geti, mnaujua, maji ya mvua hukimbilia barabarani, na mimi niliegesha gari mdomo ukiangalia madhabahu na mkia ukiangalia geti, ili watu waione vizuri. Waya alikuwa mbele amevaa kitambaa kipya. Akaniuliza mbona nyumba ni fupi hivi, nitasimamaje ndani. Nikamwambia ngoja, paa linainuka.

Na paa haliwezi kuinuka kama limefungwa kamba. Fikirini. Zile kamba zilizokuwa zimezuia paa lisiinuke ndizo hizohizo zilizokuwa zimeizuia nyumba isiondoke. Nilishika fundo la kwanza.

"Omera, ndugu yangu, usifungue," Owino akaniambia polepole, karibu na sikio. "Hiyo kamba ndio imeshika kila kitu."

"Nimefunga mizigo tangu ukiwa primary," nikamjibu, na si polepole.

Akaondoa mkono wake kwenye gari. Nikafungua zote. Nikaingia ndani, nikasukuma paa kwa mgongo, likapanda, turubai zikafunguka na vumbi la miaka na kinyesi cha kuku, na watu wakapiga makofi, wakapiga kweli, wamama wakapiga vigelegele, na ninawaambia ukweli, ile nusu dakika ilikuwa tamu. Nikapanda nikalala kitandani kule mbele juu ya gari kuonyesha kwamba mtu anaenea, nikanyoosha miguu, nikawapungia kupitia wavu. Sikujua kwamba kulala kwangu pale mbele ndiko kulikokuwa kumebaki kulizuia gari lisiinuke.

Waya akapanda kwa kreti ya soda akaingia, akakaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango. Mke wa pasta akaingia. Wamama wengine wakaingia wakiimba, kwa sababu nyumba mpya haiingiwi na mtu mmoja, wakajaa kule nyuma wakigusa sinki na kufungua makabati. Pasta akasimama mbele ya gari akainua mkono. Waya akaniita, Omondi, hili kabati halifunguki, njoo. Nikageuka pale kitandani nikaanza kutambaa kwa tumbo kurudi nyuma, kichwa mbele.

Nilisikia mbao zinalia. Halafu mbele ya gari ikapanda, taratibu kabisa bila haraka yoyote, pasta akaona tumbo la pikapu yangu, na nyumba ikateremka. Kitako chake kikatua kwenye kokoto, wamama wakarundikana mlangoni, sinki likafuata, vyombo vya Akinyi vikafuata, na mimi nikashuka kwenye ule mteremko wa ndani, suruali ikanaswa na komeo la kitanda ikabaki juu, nikaendelea bila suruali mpaka nje, nikatua kwa Waya. Ndipo pikapu ilipoachiliwa mzigo ikaanguka chini kwa magurudumu ya mbele, ikatoa mlio, maji ya rejeta yakaanza kumwagika, na paa la nyumba likajifunga lenyewe juu ya mke wa pasta.

Hakuna aliyevunjika mfupa, tumshukuru Mungu. Mke wa pasta alitolewa kupitia dirisha la wavu. Waya aliteguka kifundo cha mguu. Mimi nilisimama katikati ya uwanja na kaptula ya ndani (ile ya kijani, mmeiona), nikafanya jambo ambalo hata leo sielewi, nikaanza kuwaeleza watu kwamba nyumba yenyewe haina makosa, ni uwanja umeinama. Simu zilikuwa zimeinuliwa pande zote. Pasta akashusha mkono wake, na hakujua auweke wapi.

Owino hakunitazama. Alikuwa anawatoa wamama mmoja mmoja, anawapangusa vumbi, anawaokotea viatu. Akinyi akanitupia leso nikajifunga. Waya alikuwa ameketishwa kwenye lile kreti, mguu umenyooshwa, na watu wakasogea wasikie atasema nini, na mimi nilitamani anitukane, maana matusi huisha.

"Omondi, hii usipeleke nyumbani," akasema. "Nyumba ikishamwaga watu nje, hakuna mtu analala ndani."

Basi. Hapo hapakuwa na rufaa. Nilimtazama Owino nikaona ameyasikia, mikono yake ilikuwa imeshika kiatu cha mama fulani, akakiweka chini polepole. Akanawa mikono kwenye bomba la kanisa, akampa Waya pole, akatoka getini akaenda Kibera kwa miguu. Pikapu ilikuwa haiwaki. Hata ingewaka asingepanda.

Kuanzia jioni hiyo nikawa mtu maarufu. Wateja wangu wakaanza kuniuliza kwenye simu kama nitakuja na suruali. Ile nyumba ilikaa pembeni ya kanisa mpaka wakusanyaji wa vyuma wakaila kidogo kidogo, wakaanza na mlango, na turubai lake ukipita Kawangware utaliona limefunika nyanya. Ninawachukia wale waliorekodi, siwafichi, nawachukia kwa majina. Lakini nikilala huwa siwazii hao. Huwa namwona Owino akiondoa mkono wake kwenye gari.

Hakunipigia simu, nami sikumpigia. Nilikuwa nangoja asahau. Siku zikaenda, nikasikia ameenda nyumbani, halafu mama akanipigia, sauti yake imechoka, akaniambia wazee wamekaa, Owino alikuwepo, Waya alisema kwa simu, na wameamua. "Wamekujengea, Omondi," akasema. "Njoo ulale ndani, hii mambo iishe."

Nilifurahi, mimi mjinga. Nilimwambia Akinyi unaona, watu wa kwetu wana heshima, wameona mkubwa ni mkubwa. Tukasafiri Desemba. Nilipoingia getini niliiona nyumba ya Owino kwanza, mabati yake ya zamani yamepigwa rangi, kuta zimenyooka, madirisha ya chuma, mlango mkubwa. Halafu mama akanielekeza yangu. Ilikuwa upande wa getini, ya miti na majani, haijakandikwa vizuri, haina dirisha, mlango unauingia umeinama. Ilisimamishwa asubuhi moja. Akinyi aliiona akaweka mkono mdomoni, kwa sababu yeye pia ni wa kwetu na anajua nyumba ya namna hiyo hujengwa lini. Mtu akifia mjini bila kuwa na nyumba, wazee husimamisha kama hiyo haraka kabla mwili haujafika, jeneza lipate mahali pa kusimama, ili wadogo zake waweze kuendelea na maisha yao.

Tukalala ndani. Ndivyo nilivyoagizwa.

Wageni wa Adhiambo walikuja Jumamosi. Waliiona nyumba ya Owino wakaisifu, baba yake akapapasa plasta akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nilikuwa nabeba sahani, maana mtu lazima afanye kitu. Wakiwa wanakula, mzee mmoja wao akakiona kile kibanda cha getini, akamuuliza mama ni cha nani. Mama akasema ni cha mkubwa wao. Yule mzee akaweka kijiko chini, akashusha sauti kwa heshima kabisa.

"Pole sana, mama," akasema. "Alituacha lini?"

Mama akamsogezea samaki. Owino alikuwa ameketi hapo hapo, angeweza kusema neno moja, akaendelea kumega ugali. Ikabidi niseme mwenyewe, na sahani mkononi: mzee, ni mimi, bado niko. Mzee akaniangalia juu mpaka chini, akaomba msamaha, akarudi kwenye samaki wake.

Nimeapa sitapima tena kitu kwa juu, wala sitamjibu ndugu yangu mbele ya watu akininong'oneza sikioni, na viapo hivyo nimevitimiza kwa urahisi, kwa sababu Owino haninong'onezi tena. Tunasalimiana, niaje, poa, basi. Nikiulizwa hapa Lindi kama nyumbani nimejenga, ile "bado" yangu imeisha. Nawaambia nimejengewa.